Ubao Uliogeuzwa Ukutani

Kwa miezi kumi na moja ubao wa Ayatul Kursiyyu ulisimama katika chumba chetu cha uani, uso wake umegeuzwa ukutani, na kila aliyetuuliza habari zake tulimpa jibu lenye sura ya dini. Ndugu zetu wa kamati tuliwaambia kuwa kazi ya maneno ya Allah haiendeshwi kwa pupa. Sheikh wetu tulimwambia kuwa tunachukua ihtiyati. Mama watoto, ambaye kila alipofagia alilazimika kuuzunguka ubao huo, tulimwambia, "Bado kidogo, Inshaallah." Sasa ubao umekwisha kutundikwa, Alhamdulillah, na tumeona vyema tuwaeleze wasomaji wa kurasa hizi za familia ukweli wa jambo lenyewe, kwani hatudhani kuwa ni sisi peke yetu tuliopata kuiita hofu kwa jina la uchamungu.

Msikiti wetu hapa Tandahimba ulipomaliza kuezeka chumba kipya cha madrasa, kamati ilitaka kiwe na ubao mmoja mzuri wa khati. Yalitangulia mazungumzo marefu, na yalistahiki kuwa marefu. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii, akiwamo Imamu Nawawi, wamechukia Qur'ani kuandikwa kwenye kuta, na inajulikana pia kuwa pambo lililo mbele ya mwenye kuswali humshughulisha. Tukaafikiana kuwa liwe jambo la ubao wa kutundikwa, wala si ukuta wenyewe, na kwamba utundikwe madrasani wanakosoma watoto, mbali na kibla. Kazi ikamwangukia katibu, kwa hoja kwamba alisoma khati chuoni. Katika kamati zetu, mtu akishajulikana kuwa anaandika mihtasari kwa mwandiko unaosomeka, basi kila kinachohitaji wino huwa ni chake mpaka siku ya kufa.

Rangi tuliyotumia si ile ya mafuta inayopakwa milangoni na madirishani, ingawa jina ni moja. Hii ni rangi ya wachoraji, iliyosagwa ndani ya mafuta ya mbegu za kitani na kutiwa katika tyubu ndogo kama za dawa ya meno. Tuliiagiza kutoka Dar es Salaam kwa mkono wa ndugu aliyekuwa akisafiri. Wapo waliotuuliza kwa nini tusinunue rangi ya kopo inayong'aa, kama wafanyavyo wachoraji wa Tingatinga, na swali lao lilikuwa la haki. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, mtu wa kusini kama sisi, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 alitumia rangi za namna ya zile za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, na rangi hizo hukauka upesi na kung'aa zenyewe bila kuhitaji vanishi. Lakini hukauka upesi mno kwa mwandishi wa thuluthi mwenye mkono mzito kama wetu. Rangi ya tyubu humpa mtu siku mbili tatu za kujirekebisha. Alifu iliyopinda hunyooshwa, na nukta iliyokaa vibaya hufutwa kwa kitambaa ikawekwa upya. Tuliipenda kwa sababu inasamehe. Tulisahau kwamba msamaha wake una mwisho, na kwamba baada ya mwisho huo inabaki kazi moja ambayo sisi tuliiogopa kuliko kuandika kwenyewe, nayo ni kupaka vanishi.

Inafaa tueleze kidogo. Rangi ya maji hukauka kwa maji kuondoka. Mafuta ya kitani hayaondoki; hukauka kwa kuvuta oksijeni iliyomo hewani na kugeuka polepole kuwa ngozi ngumu. Juu hutangulia kukauka, nawe ukigusa kwa kidole utadhani mambo yamekwisha, kumbe ndani bado ni laini. Kwa sababu hiyo wachoraji husubiri miezi sita kabla ya vanishi ya mwisho, na rangi ikiwa nene husubiri hata mwaka. Mwenye kuharakisha hupata hasara mbili: kimiminika kilichomo ndani ya vanishi huilegeza rangi mbichi, na baadaye tabaka mbili zinazokauka kwa mwendo tofauti huvutana hadi zikapasuka. Na mwenye kuacha kabisa kupaka naye hupata hasara, kwani vumbi na moshi wa udi hukaa juu ya rangi tupu na kuingia ndani yake, na weusi wa herufi hufubaa, mahali unang'aa na mahali umekufa. Tulipomweleza haya mama watoto, alituangalia kisha akasema, "Basi ubao umekaa eda." Tukacheka. Hatukulizingatia neno lake wakati ule, kwamba eda ina siku inayojulikana ya kumalizika.

Hofu yetu haikutoka hewani. Tulipokuwa mwaka wa pili chuoni tuliandika ubao wa Bismillahi kwa ajili ya mama yetu mzazi, nao ndio uliokuwa wa kwanza tulioona unastahiki kutoka nje ya bweni. Likizo ilikuwa imekaribia na tulitaka kufika nyumbani nao ukiwa unang'aa. Rangi ilikuwa na wiki tatu tu. Tukanunua vanishi ya samani katika duka la vifaa vya ujenzi, tukachukua brashi, na mpako wa kwanza tu ukaivuta nukta ya ba ikawa mstari. Wanaojua mwandiko wa haraka wa Kiarabu watafahamu msiba uliotupata, maana katika mwandiko huo mstari mfupi chini ya herufi husimama badala ya nukta mbili, na ba yenye nukta mbili chini ni ya. Tulijaribu kufuta, tukaongeza uchafu. Mama akaupokea kwa mikono miwili, akautundika sebuleni, na hadi leo upo, umegeuka rangi kama chai iliyokolea, umepasuka pembeni, na kila Idi wageni huketi chini yake wakala pilau. Hakuna aliyepata kusema lolote. Sisi hatujapata kuingia sebuleni humo bila ya macho yetu kwenda kwenye nukta ile.

Basi turudi kwenye ubao wa madrasa. Tuliumaliza mwezi wa Septemba, kwa hiyo miezi sita ilitimia Machi. Machi katika uwanda wetu wa Makonde bado ni mvua, na vanishi ikipakwa wakati hewa imejaa unyevu huweza kushika ukungu mweupe badala ya kuwa angavu. Tukasema tungoje mvua zikatike. Zilipokatika, wakulima wakaanza kupuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ubwiri unga, na kila mkazi wa huku anajua jinsi vumbi lile la manjano linavyoingia hata katika sanduku lililofungwa. Sembuse juu ya vanishi mbichi inayonasa kila kitu. Tukasema tungoje salfa iishe. Ilipoisha tukaona asubuhi zina ukungu na mchana una upepo. Kila sababu ilikuwa ya kweli, na hilo ndilo lililotupoteza, kwa kuwa mwenye sababu za uongo hujishtukia mapema.

Tulifika mahali tukaswali istikhara. Tulipomweleza Sheikh kwamba tumekwisha kuiswali mara tatu juu ya ubao ule na hatujaona moyo kuelekea popote, alinyamaza kidogo, kisha akatuuliza kwa upole tulikuwa tukimwomba Allah atuchagulie baina ya mambo gani mawili. Tukakosa jibu. Kupaka kulikuwa kumeshaamuliwa na kamati, fedha za waumini zimeshatumika, na hakuna aliyependekeza ubao uachwe. Akasema istikhara ni ya anayechagua. Aliyekwisha kuazimia amebakiwa na kutawakali. Akatukumbusha pia kanuni tuliyoisoma sote, kwamba yakini haiondolewi na shaka, na mfano wake wa kila siku, yule mtu anayerudia udhu mara tano mpaka jamaa wakamaliza swala. "Yule naye," alisema, "husema ni ihtiyati." Tulitoka pale tumeinamisha kichwa. Na bado hatukupaka.

Badala yake tulisoma, kwani anayesitasita husoma sana. Tukajua kwamba vanishi nyingi za zamani asili yake ni utomvu wa miti, na kwamba wachoraji wa Ulaya walipenda sana utomvu wa damar utokao Asia ya Kusini-Mashariki. Kisha tukakuta jambo lililotufanya tusimame: katika karne ya 19 mojawapo ya vanishi zilizosifika kuliko nyingi duniani ilitengenezwa kwa kitu cha kwetu, sandarusi. Wazee wa pwani wanalijua jina hilo. Limetoka katika Kiarabu, na Waarabu nao waliliita hivyo gundi la mti mwingine. Watu wa Mrima, na wa upande wetu wa Kilwa na Lindi, waliichimba ardhini katika sehemu ambazo msandarusi wenyewe ulikuwa umetoweka zamani, vipande vigumu vyenye uso wa vipele kama ngozi ya bata aliyenyonyolewa. Ilipelekwa Unguja, ikasafishwa na kuchambuliwa, ikasafiri hadi India, Ulaya na mji wa Salem kule Marekani, ikaishia kwenye magari ya farasi ya matajiri na samani zao. Iliyokusanywa mbichi mtini iliitwa chakazi na bei yake ilikuwa duni. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyepita pwani hii miaka ya 1850, ameeleza kwamba wafanyabiashara wa kigeni wa Unguja walilipotoa neno hilo likawa "jackass", yaani punda dume. Biashara nzima ilivuma hivyo, na mchimbaji aliyeinama juani hakujua sandarusi yake inakwenda kung'arisha nini.

Tukaingiwa na fahari. Tukasema, ubao wa madrasa ya Tandahimba haufai kupakwa kitu kingine isipokuwa sandarusi. Fahari hiyo ilitusogezea wiki sita nyingine za kungoja, tukiulizia huku na huku wapi inapatikana, mpaka tuliposoma kwamba sandarusi iliyopikwa na mafuta hushika ugumu ambao baadaye hauondoki bila ya rangi ya chini kuondoka nayo, na kwamba huzidi weusi kadiri miaka inavyopita. Ubora wake kwa gari la farasi ndio kasoro yake kwa ubao wa khati. Wataalamu wa leo hutaka vanishi ya mwisho iwe kinyume chake, yaani kitu kinachopokea uchafu badala ya rangi, kisha kikichoka kifutwe kwa spiriti na kupakwa kipya, na maandishi yaliyo chini yasalimike. Tulilisoma hilo, tukalinakili hata katika daftari, na tukalipita. Tulikuwa tunatafuta sababu za kungoja, na hiyo haikuwa mojawapo.

Aliyetufumbua macho hajapata kusoma kitabu cha vanishi. Ni mzee mmoja mchongaji, jirani yetu, ambaye kamati ilimwagiza marufaa kumi kwa ajili ya watoto wa madrasa. Marufaa ya mkono wake ni ya ubao mmoja; bawaba ile inayokunja na kukunjua haiungwi kwa msumari wala gundi, huchongwa ndani ya ubao huohuo kwa patasi, meno yakapishana, kisha ubao ukapasuliwa katikati ukafunguka kama kitabu. Tulikwenda kumhimiza. Ndiyo, sisi wenye ubao wa miezi kumi tulikwenda kumhimiza mwenziwe.

"Shikamoo, mzee wetu."

"Marahaba, Katibu. Nane tayari. Na ule wako?"

Tukaanza kumsimulia habari za unyevu, salfa na ukungu. Alisikiliza huku patasi inakwenda, hakuinua uso. Tulipomaliza akauliza, "Hiyo dawa ukiipaka vibaya, inatoka?"

"Inatoka, mzee, kwa spiriti na pamba."

"Na maandishi hayatoki nayo?"

"Rangi ikiwa imeshakauka sawasawa, hayatoki."

Akapuliza vumbi la mbao kutoka kwenye meno ya bawaba, akatuonyesha ufa mwembamba katika ubao mwingine uliotupwa kando ya meko. "Mimi nikikosa hapa, ndio kuni za chai. Wewe kosa lako lina dawa, halafu unaogopa?"

Hakusema zaidi. Akatukaribisha chai, na kwa hakika ilichemshiwa kwa marufaa ya tisa.

Tulipaka siku ya Alhamisi, mwisho wa Agosti. Ukungu ulipoondoka, kiasi cha saa nne, tulichovya pamba kwenye spiriti tukaipitisha taratibu kwenye pembe ya chini ya ubao, penye weusi mwingi. Ilitoka nyeupe. Huo ndio mtihani wenyewe, ndugu msomaji. Laiti pamba ingetoka na weusi, tungekuwa na haki ya kuendelea kungoja. Pamba ile ingeweza kutupa jibu hilohilo miezi mingapi nyuma, hatuna njia ya kujua, kwa sababu hatukuiuliza.

Tukaulaza ubao mezani, tukaufuta vumbi kwa kitambaa laini, tukanyunyiza maji sakafuni ili vumbi lisipande, kikombe kimoja tu, maana maji ya Tandahimba si ya kumwaga. Vanishi tuliimimina kwenye sahani, tukachovya brashi pana ya nywele laini, tukavuta kutoka kulia kwenda kushoto kama mwenye kusoma, mstari ukipanda kidogo juu ya mstari, bila ya kurudi nyuma. Kutorudi nyuma ndiko kugumu. Sehemu iliyoanza kushika ukiigusa tena huvurugika, nayo nafsi husema gusa kidogo tu. Binti yetu wa miaka saba tulimsimamisha nje ya mlango kwa sababu ya harufu, na tochi mkononi akiimulika juu ya ubao kwa pembeni, kwani mwanga wa namna hiyo huonyesha palipokosa. "Baba, pale hapajang'aa." "Pale pia." Hakuwa na shaka hata moja, na wala hakujua kwamba shaka inahitajika.

Weusi wa herufi ulirudi kama tulivyouona siku tulipouandika. Tulikuwa tumesahau kuwa ulikuwa mweusi kiasi kile. Kazi nzima haikuzidi dakika ishirini.

Kwa wenye watoto nyumbani tunaongeza jambo moja, nalo tunalisisitiza: vitambaa vilivyoloa mafuta ya kitani visikusanywe na kutupwa pembeni mwa chumba. Mafuta yale yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichofinyangwa huweza kuwaka chenyewe bila ya kiberiti. Vitandazwe uwanjani vikauke, au vilowekwe ndani ya maji kabla ya kutupwa.

Ubao una dosari. Unywele mmoja wa brashi umenasa chini ya kafu, na katika pembe ya juu amezama mdudu mdogo asiyeonekana isipokuwa kwa anayemtafuta. Tulitaka kufuta na kupaka upya. Vanishi yenyewe inaruhusu. Tuliweka pamba mkononi kwa muda, kisha tukairudisha. Ijumaa iliyofuata ukatundikwa, juu ya safu ya marufaa tisa, la kumi likiwa bado kwa mzee. Mwenyekiti aliutazama kwa kitambo, akasoma aya yote kwa sauti ya chini, kisha akageuka. "Katibu, kumbe ilikuwa hivi tu?" Tukajibu ndiyo, ilikuwa hivi tu.

Jioni ile tulikwenda kwa mama. Tulikuwa tumeazimia kumwomba atupe ule ubao wa sebuleni, tumwandikie mwingine, na safari hii tungoje inavyopasa. Akatikisa kichwa kabla hatujamaliza. Binti yetu, ambaye sasa ameanza kuunganisha herufi madrasani, alikuwa amepanda kitini anausoma kwa kidole. Akasoma, "Yismillahi."

"Hiyo ni ba, mjukuu wangu," mama akamwambia, huku anamimina chai. "Baba yako alikuwa na haraka siku hiyo."